Kuitwa Kumenya Vitunguu

Kadi ililetwa Ijumaa alasiri na mama wa bi harusi mwenyewe. Ni jirani yangu wa mlango wa tatu, muuza viazi vya karai, na siku zote akija kwangu huja na unga hadi kwenye viwiko, akinipigia kelele tangu uani. Siku hiyo alikuwa amenawa. Alikuwa amevaa buibui lake la kutokea, na akabisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi na tulikuwa tukitazamana.

"Karibu ndani," nikamwambia.

"Ahsante, sikai." Akanikabidhi bahasha nyeupe kwa mikono yote miwili. "Tutafurahi sana, dada, ukipata nafasi."

Akaondoka polepole, kama mtu atokaye kwenye ofisi ya chifu. Mimi nikaifungua bahasha kwa ncha ya kijiko ili nisiichane. Harusi ilikuwa Jumapili. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa wino wa dhahabu, tena bila kukosewa herufi, na nikaisimamisha kadi juu ya friji mahali ambapo mtu yeyote akiingia angeiona. Nilijiona mtu. Mgeni wa miezi michache tu hapa Ukunda, na tayari mji umenitambua kwa maandishi.

Kilichonileta ni kazi. Hoteli moja ya Diani ilihitaji mtu wa kusimamia stoo ya mashuka, na mimi mashuka ndiyo elimu niliyoipata baada ya kidato cha nne. Nimehesabu mataulo Malindi, nimekunja foronya Lamu, nimesugua madoa ya mvinyo Nairobi na Voi na Mtwapa. Nilizaliwa Jego, karibu na Vanga, na kutoka Jego hadi Ukunda ni mwendo wa asubuhi moja. Lakini mimi nilifika kwa kuizunguka nchi, kama mtu anayetaka kujikuna sikio la kulia kwa mkono wa kushoto.

Nina ugonjwa mmoja ambao wenzangu wameuzoea kuliko mimi. Mji ninaoupenda ni ule niliokwisha kuuhama. Nilipokuwa Lamu niliisifu Malindi mpaka watu wakanichoka. Nilipokuwa Malindi niliililia Nairobi, na Nairobi kwenyewe nililala chini ya mablanketi mawili nikiota Jego. Hapa Ukunda nimeisifu Lamu. Nimewaambia majirani kwamba mahamri ya Lamu yana iliki zaidi, kwamba maji ya Lamu hayakauki kwenye mfereji, kwamba Lamu tumbili hawaingii dirishani kuiba mkate. Hili la mwisho nililisema siku ambayo tumbili aliingia dirishani kwangu akaiba mkate. Ua zima lilitoka kumtazama akiula juu ya bati, na mama wa viazi akasema, "Mwambieni huyo tumbili aende Lamu. Atafundishwa adabu."

Basi, tayari walikuwa wakinitania. Mimi nikahesabu utani huo kuwa ndio ujirani.

Jumamosi asubuhi niliichukua ile kadi hadi kazini. Kwenye dobi yetu kuna mpiga pasi mmoja, mtu wa Msambweni, rika langu, ambaye hunitania kwa sababu anadai watu wa Jego na watu wa Msambweni waliumbiwa hivyo. Nilimwonyesha kadi. Akaiinua kwenye mwanga kama noti anayoishuku.

"Ina jina," akasema.

"Ina jina langu."

"Na imeletwa mlangoni."

"Na mama mtu mwenyewe. Amevaa buibui."

Akaiweka pasi pembeni, akanitazama kwa huruma ambayo kwa kweli ilikuwa nusu kicheko. "Pole, dada yangu."

"Pole ya nini?"

"Na kumenya? Hukuitwa kumenya?"

Hapo ndipo moyo uliponishuka. Haikuwa kwamba sikujua. Nilijua kabla hajamaliza kusema, nilijua tangu utotoni, ila miji ya watu ilikuwa imenisahaulisha. Kwetu pwani harusi huwa na watu wa aina mbili, watu wa kiti na watu wa mkeka. Mtu wa kiti huletewa kadi, huja siku yenyewe akiwa amejipulizia manukato, hukaa, huletewa chakula, hushukuriwa, huenda zake. Mtu wa mkeka haletewi chochote. Hupigiwa kelele dirishani siku moja kabla, "Wee, leo kumenya, njoo na kisu!" naye hujibu kwa kulalamika kwamba ana kazi zake, kisha huenda. Mama yangu Jego hakuwahi kupata kadi maisha yake yote. Angeletewa kadi na jirani, angeuliza amemkosea nini.

"Labda wamesahau," nikasema.

"Watu hawasahau mikono," mpiga pasi akanijibu. "Vitunguu ni vingi. Lakini usijali, utakaa vizuri. Watakuwekea na feni."

Nilirudi nyumbani saa tisa nimekasirika. Nilijiambia kwamba sikutaka kumenya vitunguu vya mtu, kwamba macho yangu hayapendi vitunguu, na kwamba Lamu watu walikuwa wakiniita. Nilikuwa bado navua viatu nilipomwona binti wa chumba cha mwisho akitoka. Huyu binti ni wa bara, anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli nyingine, na alihamia kwenye ua wetu baada yangu. Baada yangu! Alikuwa amejifunga kanga juu ya suruali ya jinzi, beseni kichwani, kisu ndani ya beseni.

"Waenda wapi na kisu?" nikamuuliza.

"Kumenya saumu, anti. Si tumeitwa?" Akaishusha sauti. "Na mi hata sijui zinamenywanga aje. Kwetu tunanunua ya unga kwa pakiti."

"Nani aliyekuita?"

"Huyo nyanya wao. Alipiga dirisha yangu asubuhi nikiwa nimelala, ati, 'Wewe, bado uko kitandani?'" Akacheka. "Kwani wewe hukuitwa?"

Nikamwambia nakuja. Sijui kilichonisemesha. Niliingia ndani, nikatafuta kisu, nikakipata kimoja, nikakifunga kwenye kitambaa na kukitia mkobani, kwa sababu niliona aibu kupita uani na kisu mkononi ambacho hakuna aliyeniambia nije nacho. Mtoto wa Jego mzima, mwenye miaka arubaini na kitu, naenda kujipenyeza kwenye vitunguu.

Walikuwa nyuma ya nyumba, chini ya turubai la buluu. Mikeka imetandikwa, wanawake wamekaa miguu imenyooshwa, mbele ya kila mmoja fungu lake la vitunguu maji au thomu, ile saumu ya binti, au tangawizi. Katikati yao alikaa bibi wa bi harusi, mama yake mama wa viazi, mwanamke mwembamba mwenye sauti pana, ndiye aliyekuwa akisimamia kazi yote. Nikatoa salamu. Nikamwamkia yeye peke yake, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Za kazini? Na wa Jego hawajambo? Alhamdulillahi." Salamu nzima, hakuacha hata kipande. Wenzangu kule mkekani aliwasalimu kwa kuwaambia wasogee. "Mleteeni mgeni kiti."

Kiti cha plastiki kikaletwa na kufutwa kwa upindo wa kanga. Kikawekwa pembeni ya mikeka, kwenye kivuli kizuri. Nikasema nitakaa tu mkekani.

"Hapana, dada, utachafuka," akasema mama wa viazi.

"Mwache akae kitini," akasema bibi. "Watu wa mashuka meupe hawakai chini."

Wakacheka. Nikakaa. Nikaletewa juisi ya ukwaju kwenye glasi, na glasi juu ya sinia, na chini ya glasi kitambaa cha kufumwa. Ninawaapia, sijawahi kukaa kwenye kiti kinachochoma kama kile. Binti wa bara alikuwa chini kabisa, karibu na bibi, akiponda thomu kama anayeua mende, machozi yakimtiririka, na bibi alikuwa akimgombeza, "Kata kichwa kwanza! Kichwa! Mama yako alikulisha nini?" Nilimwonea wivu.

Shangazi wa bi harusi, aliyekuwa akikata vitunguu bila hata kuvitazama, akaniuliza, "Na huko Lamu vitunguu humenywa vipi?"

"Kama hapa," nikasema.

Kisu chake kikasimama. "Yalaa! Jamani, mmesikia? Leo Lamu ni kama hapa!"

"Basi harusi hii ina baraka," akasema mwingine.

Walicheka mpaka vitunguu vikaviringika. Na mimi nikacheka, maana walinipata barabara, na nikaona kwamba nikiendelea kukaa na ile glasi nitaondoka Ukunda nikiwa na kiti tu. Nikafungua mkoba, nikatoa kile kitambaa, nikakikunjua mapajani.

"Astaghfirullah!" shangazi akapiga ukelele. "Mgeni amekuja na silaha!"

"Kilete hapa," akasema bibi. Kisu kikapitishwa mkono kwa mkono hadi kwake. Akapitisha dole gumba kwenye makali, akakinusa. "Hiki kisu hakijamenya kitu tangu kitoke dukani. Hiki ni cha kupakia siagi." Akakiweka kando ya goti lake. Hakunirudishia.

Basi nikauliza. Sikuuliza kwa ufundi wowote, niliropoka tu, nikimtazama mama wa viazi, "Kwa nini mimi nimeletewa kadi?"

Mama wa viazi akajifuta macho kwa mkono wa gauni, na sikuweza kujua kama ni kitunguu au ni aibu.

"Usinielewe vibaya, dada. Siku ile unahamia nilikuuliza, utakaa nasi? Ukaniambia, Mungu akipenda, kwa muda. Nikakuuliza tena baada ya Idi. Ukasema Kilifi umesikia kuna kazi nzuri. Na pazia lako likipeperuka sote twaona mabegi yamepangwa karibu na mlango, kama ya mtu angojaye basi." Akaonyesha mafungu kwa kisu. "Hivi vitunguu nimevigawa kwa watu, kila mtu na chake. Ningekuhesabu, kisha siku yenyewe uwe Kilifi, fungu lako ningemwachia nani?"

"Kadi yaweza kumfuata mtu popote aendako," akasema bibi. "Kitunguu hakimfuati mtu."

Yote yalikuwa kweli, na mabegi ndiyo yaliyokuwa kweli zaidi. Nilikuwa nimetoa nguo tu, na sufuria moja, na kikombe. Mengine yote yalikuwa yamefungwa vilevile yalivyofungwa Lamu, kwa sababu nimekwisha kujifunza kwamba kufungua ni kazi ya siku nzima na kufunga ni kazi ya siku mbili.

Binti wa bara akaniangalia kwa macho mekundu. "Anti, chukua hii yangu nusu."

"Nusu ya nini?" bibi akamkatiza. "Kila mtu na fungu lake. Hakuna kukimbia."

Huenda ningebaki pale kitini hadi Magharibi, nikimalizia ukwaju wangu kwa adabu, kama mpishi hangepiga kelele. Mpishi alikuwa mwanamume wa Munje, mwenye tumbo na mwiko mrefu kama kasia, na alikuwa upande wa pili wa ukuta kwenye majiko ya kuni. Pilau ilikuwa ya Jumapili, lakini jioni ile alitakiwa kupika wali wa nazi kwa jamaa waliokuwa njiani kutoka Kinango.

"Tui liko wapi?" akauliza juu ya ukuta. "Nazi bado zimelala hapa nzima nzima! Mbuzi yenu moja imeng'oka chuma, na ile nyingine yakuna kama mzee asiye na meno!"

Wakatazamana. Mbuzi za kukunia nazi za ua mzima zilikuwa zimekwisha kuletwa, na hizo ndizo zilizokuwa zikitukanwa. Mmoja akasema aende kuazima upande wa pili wa barabara, mwingine akasema huko nako kuna maulidi, mbuzi zote zina kazi.

"Mimi ninayo," nikasema.

Vichwa vyote vikageuka.

"Wewe una mbuzi?" akauliza shangazi. "Tangu lini?"

"Ilikuwa ya mama. Iko kwenye begi."

"Begi lipi?"

"La chini kabisa."

Bibi akajishika goti, akainuka. "Twende."

Tulikwenda watatu, mimi na bibi na binti wa bara wa kubeba. Bibi akaketi kwenye kitanda changu bila kukaribishwa, akaniamuru nianze. Begi la chini lilikuwa chini ya mengine yote, na halikutoka mpaka mengine yalipovutwa, na zipu za kizamani zikapasuka, na vitu vikamwagika. Koti zito likaanguka miguuni pake.

"Na hili?"

"La Nairobi, mama. Kule ni baridi."

"Hapa utalivaa wapi? Ndani ya friji?"

Likafuata birika la chai. "Kumbe una birika! Na sisi twakuonea huruma kila asubuhi wapika chai kwenye sufuria ya mchuzi." Likafuata pazia la Malindi, refu, zuri, ambalo sikuwahi kulitundika mahali pengine. Bibi akalishika kitambaa, akalitazama lile pazia langu la mlangoni lililokuwa likinisengenya kwa majirani wote, akaguna tu. Vilitoka viatu, kawa, mkeka wa kuswalia, picha ya mama ndani ya fremu iliyopasuka pembe. Kila kitu alikiuliza kwao wapi, na kila mji alioutajiwa aliitikia, "Na huko nako ulikuwa wapita?"

Mbuzi ilikuwa imefungwa ndani ya sweta. Kibao chake kimekuwa cheusi kwa kukaliwa, meno ya chuma bado yamesimama. Binti wa bara akaichukua mikononi, akaigeuza, akasema ni kama kiti cha mtoto chenye ulimi mkali. Nikaanza kukusanya vitu vyangu ili nivirudishe.

"Acha," akasema bibi. "Usirudishe kitu. Nazi zangoja."

Tuliviacha vimetapakaa sakafuni.

Nikaikalia mbuzi ya mama chini ya turubai, beseni katikati ya magoti, nikakuna. Mwili una kumbukumbu zake, lakini mikono yangu ilikuwa imelainishwa na mashuka, na nazi ya tatu ikaniponyoka ikagonga mguu wa shangazi. Hakuna aliyeniambia pole. Bibi alikuja akasimama juu yangu, akachukua machicha kidogo kwenye kiganja.

"Wewe! Wakuna mpaka kifuu? Tui litatoka rangi ya matope! Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Mama yako yuko kaburini anajificha uso. Zungusha! Zungusha nazi, si mkono!"

Nikazungusha. Nilitazama kando nikaona shangazi ameichukua ile glasi yangu ya ukwaju, ameimaliza, na kitambaa cha kufumwa anajifutia jasho. Kile kiti alikuwa amekikalia paka. Nilikuna mpaka bega likawaka moto, nikagombezwa mara nyingine kwa machicha yaliyodondoka chini, na mara nyingine kwa kukaa vibaya, na mama wa viazi alipopita akanirushia kanga kuukuu bila kusimama, "Jifunge, utalitia doa gauni lako la ofisini." Tangu Ijumaa ndiyo mara ya kwanza aliyoniongelesha bila "tutafurahi".

Jumapili watu wa kadi walikuja. Alikuja hata msimamizi wangu wa kazini, amependeza, akaketi kwenye safu ya mbele. Aliponiona nikipita na sinia la pilau begani akaniita, "Njoo, nimekushikia kiti hapa."

Kabla sijajibu, mama wa viazi akanijibia akiwa mlangoni. "Huyo mwache. Ana kazi."

Nilitembea hatua ndefu sana baada ya hapo. Nilibeba masinia, nikanawisha watu mikono, nikagombana na kaka wa bi harusi juu ya maji ya mitungi. Tulikula mwisho, nyuma, sisi wa mkeka, wageni wakiwa wamekwisha kuondoka na manukato yao. Nyama ilikuwa imekwisha. Mpishi wa Munje alitukwangulia ukoko kutoka chini ya sufuria, mgumu, mweusi, wenye mdalasini ulioungua, akautupa kwenye sinia moja, na mikono yote ikaingia kwa pamoja. Binti wa bara akasema hiyo ndiyo pilau tamu zaidi aliyokula tangu aje pwani. Nilitaka kusema kwamba Lamu ukoko hupikwa kwa samli. Nikautia ukoko mdomoni badala yake.

Sitaki kudanganya kwamba miguu yangu imepona. Naijua. Juzi tu nimejikuta nikimweleza mpiga pasi jinsi Voi palivyokuwa na upepo mzuri asubuhi, na Voi nilipachukia. Kilifi bado wanaongea kuhusu kazi, na mimi bado nawasikiliza. Lakini birika linachemka kwenye jiko, na koti la Nairobi nimelitundika nyuma ya mlango, kwa sababu sina mahali pengine pa kuliweka.

Jumanne asubuhi dirisha langu lilipigwa ngumi. Nilikuwa bado kitandani.

"Wewe! Wewe wa mashuka! Mpaka sasa umelala?" Ilikuwa sauti ya bibi. "Alhamisi kuna hitima kwa jirani wa kona. Uje alfajiri, si saa za ofisi. Na uje na mikono, si mdomo!"

"Mama, Alhamisi nina zamu ya asubuhi."

"Zamu ni yako, si yangu," akasema, na nikasikia kandambili zake zikienda kupiga dirisha la mwisho.

Nikampigia simu mpiga pasi, nikamwomba Alhamisi anishikie stoo. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kuna hitima kwa jirani wa kona, mtu ambaye hata simjui vizuri.

"Umealikwa?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Nimefokewa."

Mashine za kufulia zilikuwa zikinguruma nyuma yake. "Alhamdulillahi," akasema, na akakubali zamu, kwa sharti kwamba Ijumaa nisije nikayashika mashuka ya watu na mikono inanuka thomu.